Dakika Ishirini na Saba Juu ya Uwanja

Mgeni rasmi, mheshimiwa mkurugenzi wa huduma za dharura za anga. Viongozi mlioongozana naye. Wazee wetu, kina mama, majirani, na ninyi mliokalia magunia kwa sababu viti vimekwisha: amani iwe nanyi.

UKARIBISHO

Sisi wafanyakazi wa uwanja huu mdogo wa ndege, pamoja na wahudumu wa zahanati iliyo nyuma ya uzio ule na wakazi tunaotegemea vyote viwili, tuna furaha kukuona. Tungesema ni furaha isiyo na kifani, kama risala zinavyopenda kusema, lakini tumekubaliana kwamba leo hatutatia chumvi hata chembe. Tuna furaha, tuna hofu kidogo, na tuna mshtuko ambao umetukaa wiki sita na haujataka kuondoka. Utamvumilia msomaji wetu sauti ikimtetemeka. Yeye ni mpimaji mizigo, amezoea kusoma kilo kwa sauti, hajazoea kusoma mambo ya watu.

Umekuja kutufungulia jengo jipya la abiria, na jengo tunalishukuru kwa dhati. Paa halivuji, mabenchi yana migongo, na choo kina mlango unaofungika kwa ndani. Tuliokuwa tukisubiria ndege chini ya bati lile la zamani, huku mvua ikituchagua mmoja mmoja, tunajua thamani ya vitu hivyo. Ahsante sana.

HISTORIA FUPI

Mheshimiwa, kati ya uwanja huu na uwanja mwenzetu wa ng'ambo, wenye hospitali kubwa, kuna mlima mmoja tu. Kwa mstari ulionyooka ni kilomita themanini na tatu. Kwa barabara ni saa tisa, gari likiwa zima na mto ukiwa na adabu. Ndiyo maana ndege ile ya viti tisa, inayokuja mara tatu kwa wiki na siku za dharura, kwetu si anasa. Inaleta dawa, barua, walimu na vipuri vya pampu ya maji. Inaondoka na wagonjwa.

Mwajiriwa wa kudumu wa uwanja ni mtu mmoja, naye ni mama mmoja ambaye jina lake la kwenye cheti limeshasahaulika. Wote tunamwita Mama Kipenga, kwa sababu ya kipenga kinachoning'inia shingoni mwake tangu siku ya kwanza. Kazi zake, kama zilivyoandikwa kwenye mkataba, ni kupokea redio na kutunza daftari. Kazi zake zisizoandikwa ni kufukuza mbuzi kwenye njia ya kurukia ndege, kuokota mawe, kukagua mfuko wa kitambaa unaoonyesha upepo, kuburuta mtungi wa kuzimia moto, na kuwatuliza abiria wanaogombana na mizani. Kuna mfanyabiashara mmoja, yupo hapa leo na anajijua, ambaye kila akipanda kwenye mizani huvuta tumbo ndani. Mama Kipenga humwambia, "Vuta upendavyo, dada, kilo haziko tumboni peke yake."

Daftari lenyewe lina safu mbili tu kwa kila ndege inayokuja: saa iliyoondoka ng'ambo, ambayo husikika redioni, na saa iliyofika hapa. Kuna la kwanza lililopotea miaka mingi nyuma. Baada ya hapo ofisi yako ikaagiza kwamba daftari lisitoke ofisini kwa hali yoyote. Basi likafungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza, na lipo hivyo mpaka leo.

Tafadhali shika habari ya kamba hiyo, mheshimiwa, maana ndipo balaa lilipoanzia, na sisi hatukuliona kwa miaka tisa.

MAFANIKIO

Katika miaka hiyo tisa hakuna ndege iliyogonga mbuzi hapa. Wagonjwa mia mbili na kumi na wanne wamesafirishwa. Fundi wetu wa cherehani ameshona mifuko sita ya upepo kwa turubai chakavu, bila kudai chochote. Tungependa kuendelea na sehemu hii, lakini ukweli ni kwamba hatuna moyo nayo.

CHANGAMOTO

Risala nyingi hutaja changamoto tano au sita. Sisi tunayo moja.

Fundi huyo wa cherehani tuliyemtaja aliolewa miaka kumi na moja iliyopita na hakuwahi kushika mimba. Alishonea watoto wa mtaa mzima nguo za kuendea shule, wa kwake hakuwapo. Mwaka jana akapata. Mheshimiwa, mtaa mzima ulibeba mimba ile. Mwenye mayai alipeleka mayai, mwenye kuni alipeleka kuni, na wanaume waliokuwa wakimkopa kitambaa wakaanza kulipa bila kuitwa.

Uchungu ulimshika alfajiri. Mkunga wetu wa zahanati, ambaye kwa miaka kumi na sita amezalisha karibu nusu ya kina mama waliokaa mbele yako, alimpima, akampima tena, na saa kumi na mbili na nusu asubuhi akaja mbio hadi ofisi ya uwanja.

"Mama Kipenga, ita ndege. Mtoto amelala vibaya, hapa siwezi."

"Wa fundi?"

"Wa fundi. Ita sasa hivi."

Ndege ikaitwa. Rubani alikuwa kwenye safari nyingine, akarudi, akajaza mafuta, akaruka kutoka ng'ambo saa mbili na dakika hamsini na nne. Mama Kipenga akaandika. Huku nje mkunga na wanaume wanne walikuwa wameshamleta fundi kwenye machela mpaka ukingoni mwa njia ya ndege. Mkunga alikuwa ameshika chupa ya dripu juu kwa mkono mmoja, na kwa mwingine ameushika mkono wa mgonjwa.

Saa tatu na dakika kumi na nne mlio ukasikika juu ya mlima. Mama Kipenga akafanya alichofanya siku zote kwa miaka tisa. Akaandika saa ile kwenye safu ya kufika, akaweka kalamu, akatoka mbio na kipenga chake.

Ndege haikutua. Wingu lilikuwa limekaa juu ya ukingo wa mlima na kufunika bonde lote, na bila kuliona bonde hakuna rubani mwenye akili timamu anayeshuka hapa. Ikawa inazunguka. Tuliisikia ikienda, tukaisikia ikirudi. Kuna waliokuwa wakisali kwa sauti. Mkunga alikuwa akimwambia fundi, "Hiyo imefika, dada yangu, hiyo hapo juu, vumilia kidogo tu." Wingu lilipopasuka ndege ikashuka, ikagusa ardhi saa tatu na dakika arobaini na moja. Fundi alipakiwa kwa dakika nne. Saa tatu na dakika arobaini na sita ikaruka, na mkunga ndani yake.

Mtoto alizaliwa angani, kabla ya kufika ng'ambo. Alikuwa wa kike. Hakulia.

Fundi alipona, na tunamshukuru Mungu kwa hilo kila siku. Lakini daktari wa hospitali ile kubwa aliandika kwenye fomu yake kwamba wangefika nusu saa mapema, mtoto angeishi. Kwa sentensi hiyo kamati ya uchunguzi ikaundwa kuitafuta nusu saa ilipopotelea.

Mheshimiwa, kamati ilikuja hapa siku moja. Ilikuwa na watu watatu wenye adabu, tuliwapa chai wakanywa. Hawakumuuliza fundi. Hawakuwauliza wanaume wanne wa machela. Waliomba karatasi za rubani, wakaambiwa ziko makao makuu ya kampuni na zitatumwa. Mpaka ripoti inafungwa zilikuwa bado zinatumwa. Basi wakaomba daftari, wakalipiga picha likiwa na kamba yake, wakaondoka. Mama Kipenga ndiye aliyewafunulia ukurasa. Aliona fahari, maana safu zilikuwa safi na mwandiko umenyooka.

Baada ya miezi miwili barua ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo wa zahanati. Ilikuwa asubuhi, siku ya kliniki ya watoto, kina mama wamejaa. Mama Kipenga alikwenda kumwona mkunga, kama alivyokuwa akijaribu kwa wiki nyingi, maana wawili hawa wamegawana ukuta mmoja nyumbani na ghafla mkunga alikuwa ameanza kumpita bila salamu. Yeye alidhani ni majonzi. Akamwacha alie kwa njia yake.

Akasimama mbele ya ubao akasoma. Barua ilisema kwamba ndege ilifika uwanjani saa tatu na dakika kumi na nne, ikaondoka saa tatu na dakika arobaini na sita. Kwamba ilikaa chini dakika thelathini na mbili ikimsubiri mgonjwa, wakati kanuni inaruhusu dakika kumi. Kwamba kwa hiyo nusu saa ilipotelea mikononi mwa mkunga. Neno lililotumika ni uzembe. Mkunga alisimamishwa kazi siku hiyohiyo, akaambiwa avue sare, na akapewa siku arobaini na tano za kujitetea kwa ushahidi wa maandishi, la sivyo afutwe kabisa.

Mama Kipenga aliisoma mara tatu. Akashika ukuta. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akamuuliza, "Mama, unaumwa?" Alikuwa ameitambua saa tatu na dakika kumi na nne. Aliiandika yeye.

Alirudi ofisini bila kuaga mtu. Akafunua daftari kurudi nyuma, mwezi kwa mwezi, mwaka kwa mwaka, na mpimaji mizigo akamkuta amepiga magoti sakafuni kwa sababu kamba ilikuwa fupi.

"Kuna nini, mama?"

"Niambie," akasema, "hizi saa za kufika, ni saa za nini?"

"Za ndege kufika."

"Nani aliyeiona ikifika? Mimi nikisikia mlio naandika, halafu natoka. Daftari siwezi kutoka nalo. Nikirudi nina abiria, nina mizani, nina mbuzi, nani atakumbuka dakika? Hizi zote ni saa za kusikia. Hakuna hata moja ya kutua. Miaka tisa! Hakuna hata moja!"

Mpimaji mizigo akakaa chini naye. Anakiri hapa mbele yako kwamba na yeye alikuwa akijua hivyo ndivyo inavyoandikwa. Wote tulijua. Kila mtu hapa alijua kwamba mama huandika akisikia, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kujiuliza kama mtu wa mbali anayesoma daftari atajua. Hata siku njema isiyo na wingu, kutoka mlio kusikika hadi magurudumu kugusa ardhi ni dakika kumi na moja, kwa sababu ndege hutokeza juu mno na lazima izunguke bonde ndipo iingie. Kwetu hilo ni jambo la kawaida. Nani angelieleza?

Mama Kipenga akaenda kugonga mlango wa mkunga. Majirani walisikia, na wahusika wametupa ruhusa ya kuyasoma.

"Umefuata nini kwangu?"

"Nimesoma barua."

"Umeisoma leo? Mimi tangu waliponiita ofisini kunihoji nimeonyeshwa picha ya mwandiko wako. Nikawaambia ndege ilikuwa juu, wakaniambia daftari linasema ilikuwa chini. Nikasema basi, jirani yangu ameamua kulinda uwanja wake. Ameniuza."

"Sikukuuza. Wallahi sikukuuza. Sikujua nilichoandika."

"Miaka tisa unaandika hujui unachoandika?"

"Sikujua," akasema Mama Kipenga, na akalia pale mlangoni kwa sauti, mtu mzima, mchana kweupe. Mkunga akamwambia aingie ndani, watu wanaangalia.

Tuliitisha mkutano jioni ile. Wapo waliosema tunyamaze: tukilitoa hili, uwanja utafungwa kwa daftari la uongo, na tutabaki na barabara ya saa tisa. Hatutawaficha, maana walikuwa wengi, na baadhi ya walioiandika risala hii walikuwa miongoni mwao. Hoja ilikuwa inaelekea kupita. Ndipo fundi akasimama kule nyuma. Tangu arudi kutoka hospitali hakuwa amesema neno mbele za watu.

Akasema, "Mimi ndiye niliyekuwa kwenye machela. Nilikuwa nimelala chali, sikuwa na kingine cha kutazama. Nilikuwa nahesabu. Ilizunguka mara saba. Na mara zote saba huyu mkunga alikuwa ameshika chupa juu, mkono hakuushusha. Hakuna aliyeniuliza. Nyie mnabishana kuhusu uwanja. Mtoto alikuwa wangu, na kama kuna mtu wa kumlaumu mkunga ni mimi, na mimi simlaumu."

Akakaa. Tuliona aibu ambayo hatuwezi kuipima kwa mizani yetu. Hakuna aliyezungumzia tena kunyamaza.

Mheshimiwa, kuna jambo la pili tuliloligundua tulipoanza kuuliza, na hili lilitumaliza kabisa. Ofisi yako ilikwisha kuchukua saa zetu za miaka yote ikatafuta wastani, ikapata kwamba safari ya kutoka ng'ambo hadi hapa ni dakika ishirini. Na kwa kuwa kanuni inasema zahanati iliyo chini ya nusu saa kutoka hospitali haihitaji chumba cha upasuaji, zahanati yetu iliondolewa kwenye orodha ya vyumba hivyo miaka minne iliyopita. Tulikuwa tukilalamika kila mwaka kwamba tumesahaulika. Kumbe hatukusahauliwa. Tulijiondoa wenyewe, kwa kalamu yetu, kila tuliposikia mlio.

Barua ya kumsimamisha mkunga ina sahihi moja chini. Mheshimiwa, ni yako. Hatulisemi kwa lawama. Uliletewa mwandiko wetu ukauamini, na mtu yeyote angeuamini.

MAOMBI

Tuna maombi matatu, na tumeyaweka machache ili yasipotee.

La kwanza ni la mkunga. Siku zake arobaini na tano zinakwisha Ijumaa. Ushahidi wa maandishi anaotakiwa kuutoa hauna pa kutoka, kwa sababu maandishi pekee yaliyopo ndiyo yanayomtia hatiani. Yupo hapa, safu ya tatu, mwenye gauni la bluu. Hakuvaa sare kwa kuwa barua yako imemkataza, na yeye huitii barua hata ikimwonea. Tunaomba arudishwe kazini, na neno uzembe lifutwe mahali popote lilipoandikwa karibu na jina lake. Kama lazima pawe na mtu wa kuadhibiwa, Mama Kipenga amesema aandikwe yeye. Amesisitiza iwekwe kwenye risala, sisi hatukutaka.

La pili ni kwamba dakika ishirini zifutwe kwenye vitabu vya ofisi yako, zahanati ipimwe upya kwa dakika za kweli, ambazo hata siku njema ni thelathini na moja, na chumba cha upasuaji kifikiriwe. Hatuombi kupendelewa. Tunaomba kuhesabiwa.

La tatu limeandikwa kwa kalamu, kama unavyoona, kwa kuwa tumelipata asubuhi hii baada ya wewe kuwasili. Tangu wiki sita zilizopita Mama Kipenga ameongeza safu kwenye daftari. Ile ya kufika sasa ni saa ya kusikika, na hii mpya ni saa ya kutua. Kwa kuwa daftari bado halitoki nje, saa ya kutua huiandika kiganjani akiwa ukingoni mwa njia, kisha huihamishia daftarini.

Leo ulipokuja, mlio wako ulisikika saa nne na dakika mbili. Imeandikwa. Wingu lilikuwa palepale linapokaa siku zote, na sisi tuliokuwa chini tulihesabu mizunguko minne. Hatujui huko juu uliihesabu, mheshimiwa, au ulikuwa ukitazama nje na kujiuliza kwa nini hamshuki. Kwa daftari la zamani, muda wote ule ulikuwa umekwisha kufika, umekaa kitini, na chai imeshapoa mbele yako.

Safu ya kutua ya ndege yako tumeiacha wazi. Tunakuomba, kabla hujakata utepe, uingie katika ofisi ile ndogo, uiname kidogo kwa ajili ya kamba, na uandike kwa mkono wako mwenyewe saa uliyotua. Saa unayo, tuliiona ulipokuwa ukishuka ngazi. Mama Kipenga anayo ya kwake kiganjani, ameufumba mkono tangu asubuhi, hata chai amekunywa kwa mkono wa kushoto. Hataufumbua mpaka uwe umeandika. Kisha tunaomba uweke sahihi pembeni, ileile iliyo kwenye barua, na picha ya ukurasa huo ndiyo mkunga wetu atakayoileta Ijumaa kuwa ushahidi wake.

Mwenyezi Mungu akulinde uwapo chini na uwapo juu, akufikishe kwako salama, na ampe pumziko mtoto wa fundi ambaye hakukanyaga upande wowote wa mlima.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Uwanja, Wahudumu wa Zahanati na Wakazi wa Huku Nyuma ya Mlima.